Kaka wa Bibi, Mpiga Bunduki wa Mkiani

Lincolnshire ni nchi tambarare, mashamba ya ngano mpaka macho yachoke, na kila baada ya maili chache unakuta kiwanja cha ndege kilichokufa. Lami imepasuka, majani yameota kwenye nyufa, mwenye shamba amejenga mabanda ya kuku pale ndege zilipokuwa zikigeuzia. Nilipohamia huko kuhudumia wazee majumbani, kazi ambayo Watanzania wa Uingereza huiweka fungu moja na kubeba boksi, nilipita kando ya viwanja hivyo kila siku nikikimbizana na ratiba, nusu saa kwa huyu, robo saa kwa yule, bila kujiuliza vilikuwa vya nini. Aliyeniambia kwamba vilikuwa vya ndege za mabomu za Vita vya Pili vya Dunia ni mama mmoja wa miaka zaidi ya tisini, ambaye hapa nitamwita Bibi kama nilivyokuwa nikimwita nyumbani kwake. Wenzangu kazini walimwita kwa jina lake la kwanza, ndiyo desturi yao, lakini mimi mtoto wa Kigogo ulimi ulikataa.

Sebuleni palikuwa na picha ya kijana aliyevaa sare ya jeshi la anga, kofia imelalia upande, kifuani bawa moja dogo lenye herufi AG, alama ya mpiga bunduki wa ndege. Masikio yamechomoza. Nilidhani ni mumewe enzi za ujana. Alikuwa kaka yake.

Kwa miezi mingi sikuambiwa zaidi ya hapo. Ikafika Januari, Bibi akaacha kula. Supu ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, chai ikapoa mkononi. Nikaandika kwenye daftari la huduma kwamba hamu ya chakula imepungua, nikampigia muuguzi, muuguzi akashauri apewe vinywaji vya lishe. Jirani ndiye aliyenidokeza mlangoni: "Ni wiki ya kaka yake."

Kwetu ukienda msibani, baada ya kutoa pole utauliza: ilikuwaje? Na mfiwa atasimulia. Atamsimulia wa kwanza, wa kumi na wa hamsini, kuanzia marehemu alipoanza kulalamika kichwa mpaka alipokata roho, na kila anayeingia anakaa mkekani anasikiliza, hata kama habari yote alishaipata njiani. Waingereza niliowahudumia hawana hilo. Wao huona kuuliza ni kumtonesha mtu kidonda. Watakupa pole, watakumiminia chai, kisha watahamia kwenye habari za mvua. Sisemi wana roho ngumu. Ni adabu yao, na mara nyingi imenifaa mimi mwenyewe nilipotaka kuachwa. Lakini siku ile nilivuta kiti nikakaa mbele ya Bibi, nikamuuliza ninavyomuuliza shangazi yangu: "Ilikuwaje?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaniambia nizime redio.

Baba na mama yake hawakupenda kifo cha kaka yake kitajwe mezani. Mumewe alikuwa askari wa miguu kule Italia na hakutaka habari za vita ndani ya nyumba. Mwanawe alikuwa na maisha yake mji mwingine. Kwa hiyo habari ya kaka yake ilikaa ndani yake tangu akiwa na miaka 13, na kwangu ilitoka vipande vipande, leo hiki, wiki ijayo kile, wakati namkata kucha au nakunja nguo. Naipanga hapa kwa mfuatano ambao yeye hakuutumia.

Baba yao alikuwa mfanyakazi wa reli. Kijana alijitolea alipotimiza miaka 18, na Bibi alilisisitiza neno hilo, alijitolea. Serikali iliweza kukuingiza jeshini utake usitake, lakini kuruka na ndege za mabomu uliomba mwenyewe. Wanaanga wote wa kamandi ya mabomu, yaani kitengo cha jeshi la anga kilichorusha ndege hizo, walikuwa wameomba. Yeye aliomba urubani, akapewa bunduki. Baada ya mafunzo alipelekwa kambini ambako vijana wasiojuana, marubani, waongoza njia, watu wa redio, wapiga bunduki, waliingizwa kwenye banda kubwa la ndege wakaambiwa wachaguane wenyewe. Hakuna ofisa aliyepanga majina. Rubani anamfuata mwongoza njia ambaye amependezwa na sura yake, mwongoza njia anamkumbuka mtu wa redio waliyekunywa naye bia jana yake, na hao ndio utakaokufa nao. Kaka wa Bibi alichaguliwa na rubani wa Kiaustralia ambaye alimwambia, bila kuficha, kwamba amemchagua kwa sababu ndiye mpiga bunduki pekee anayeonekana hajalewa.

Utaratibu huo ulinishangaza kuliko habari zote za mabomu. Jeshi lililopima kila kitu, mpaka siagi ya kupaka mkate, liliacha jambo la kufa na kupona lipangwe kama watoto wanavyochaguana timu ya chandimu. Na kwa maelezo yote niliyoyasikia baadaye, ulifanya kazi. Vijana wale walishikamana kuliko ndugu.

Ndege yao ilikuwa Lancaster, injini nne, watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, mpiga bunduki wa juu mgongoni, na mpiga bunduki wa mkiani. Huyo wa mwisho ndiye kaka yake. Walianza safari za Ujerumani vuli ya mwaka 1943. Safari zikitimia 30 ulipumzishwa, ukapelekwa kufundisha wengine. Kutimiza 30 ndiyo ilikuwa kazi.

Bibi alikuwa na swali moja alilolibeba miaka yote, na si lile nililolitarajia. Hakuuliza kama kaka yake aliumia. Aliuliza: "Alisikia baridi?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta. Kwenye kilima cha Canwick, kinachotazamana na kanisa kuu la Lincoln, kuna kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za kamandi ile ya mabomu, kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Kuna wazee wanaojitolea pale ambao ukiwauliza swali moja wanakujibu kumi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Uingereza nilikutana na watu wanaosimulia kama kwetu. Wakanieleza kibanda cha mkiani. Ni tundu la chuma na plastiki angavu lililoning'inia mwisho wa ndege, lina bunduki nne aina ya Browning, na mtu mmoja ndani yake amekaa akitazama walikotoka, si waendako. Wenzake sita wote wako mbele; yeye anawasikia kwa waya masikioni tu. Joto la ndege halimfikii. Juu ya Ujerumani usiku wa baridi, hewa ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Walivaa suti zenye nyaya za umeme ndani, na suti hizo ziliweza kuharibika zikamchoma mtu sehemu moja na kumwacha agande nyingine. Halafu wengi wao waliondoa kwa makusudi ile plastiki iliyo mbele ya macho, wakabaki na upepo mtupu, kwa sababu usiku doa la uchafu kwenye kioo na ndege ya adui kwa mbali ni kitu kimoja. Kwenda Berlin na kurudi kulichukua saa saba, saa nane.

Na parachuti haikuenea mle ndani. Ilitundikwa nyuma ya mlango wake, kwenye mwili wa ndege. Ndege ikiwaka moto ilimbidi afungue mlango, anyooshe mkono aivute, aifunge kifuani, azungushe kibanda mpaka kielekee ubavuni, ajirushe kinyumenyume. Yote hayo katika ndege inayoanguka, akiwa amevaa glavu kadhaa juu ya nyingine.

Nilirudi nikamwambia: "Ndiyo, Bibi. Alisikia baridi. Kali sana."

Wenzangu kazini waliniambia baadaye ningemtuliza kwa kusema hapana. Nilijiuliza hilo pia kabla ya kubisha hodi. Lakini mtu aliyengoja jibu tangu vita vya Hitler ana haki ya kupewa lililo la kweli. Bibi alitikisa kichwa taratibu, kisha akasema, "Mama alijua. Ndiyo maana alimfumia zile soksi ndefu."

Soksi hizo zilikuwa na habari yake. Kijana alipopotea, siku mbili hazikupita ikaja telegramu kwamba hajarejea. Neno lililoandikwa halikuwa "amekufa", lilikuwa "hajulikani alipo", na mama yao aliling'ang'ania. Aliwaandikia Msalaba Mwekundu, akawaandikia wazazi wa wale wenzake sita, wanawake ambao hakuwahi kuwaona, nao wakamjibu wakimuuliza yeye kama amesikia lolote. Wakati huo huo kambini kulikuwa na kamati maalumu ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya vitu vya wasiorudi, mara nyingi kabla hata kitanda hakijapoa, maana jioni kilihitajika kwa mgeni. Kamati hiyo ilipitia mifuko na barua, ikatoa chochote ambacho kingemwaibisha marehemu mbele ya mama yake au mchumba wake, kisha vitu vikapelekwa bohari kuu ya jeshi la anga huko Colnbrook, na baada ya muda familia ikaletewa. Fikiria kazi hiyo. Mtu anasoma barua za rafiki yake aliyekufa jana ili amlindie jina. Nimewahi kuosha maiti za wazee wangu kazini na naijua heshima inayodaiwa pale, lakini ile ya kupekua droo za kijana wa miaka 20 sijui kama ningeiweza.

Sanduku lilipofika nyumbani, mama yao alitoa kitu kimoja kimoja akakipanga kitandani. Wembe, peni, mashati, picha ya mbwa. Soksi hazikuwamo. Kuanzia siku hiyo, Bibi alisema, mama yao hakuandika tena barua kwa Msalaba Mwekundu, kwa sababu aliamini amekufa amezivaa.

Kumbukumbu za vikosi vile zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa huko Kew, London, na mtu wa kituoni alinionyesha nakala ya kurasa za kikosi chao. Kila usiku una jedwali: ndege, majina ya watu, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo mafupi. Nilimpelekea Bibi kurasa hizo kwa herufi kubwa za kumfaa macho, nilizochapisha maktaba. Kassel. Berlin. Leipzig. Berlin. Berlin tena. Usiku wa Desemba 16 waliotoka Berlin walikuta viwanja vingi vya Uingereza vimefunikwa na ukungu. Ndege 25 zilipotea safarini, na nyingine 29 zikaanguka zikitafuta mahali pa kutua, nyumbani kabisa, mafuta yamekwisha. Bibi aliikumbuka barua aliyoandika kaka yake wiki ile. Alisema hali ya hewa haikuwa nzuri, na kwamba amepata yai. Mayai yalikuwa ya kugawiwa kwa kadi, lakini wanaanga walikaangiwa wakirudi safari. Kwenye barua yai ndilo lililopewa nafasi kubwa.

Januari 1944 kuna mstari wenye saa ya kuruka, na upande wa saa ya kutua pako wazi. Pembeni wameandika kwamba ndege hii haikusikika tena tangu iondoke.

Arthur Harris, aliyekuwa mkuu wa kamandi, alimwandikia Churchill Novemba 1943 kwamba Berlin ingewagharimu ndege kati ya 400 na 500, na ingeigharimu Ujerumani vita vyenyewe. Ndege zilizopotea zilikaribia hesabu aliyoitoa. Ujerumani haikusalimu amri mpaka Mei 1945. Kwa vita vyote, katika wanaanga 125,000 wa kamandi ile, waliouawa ni 55,573. Huwa narudia tarakimu hizo kichwani nikiwa kwenye foleni ya dukani na sizizoei.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilichukua muda mrefu zaidi kutoka. Mpiga bunduki wa mkiani ndiye jicho la ndege. Ndiye anayepaswa kumwona adui anayewafuata na kumpigia rubani kelele akwepe. Mwaka 1944 mtu mmoja pale kijijini alimwambia mama yao, pengine kwa kupitiwa tu, kwamba ndege ikiangushwa kutoka nyuma basi wa mkiani alikuwa amesinzia. Msichana wa miaka 13 alikuwa amesimama kando na kikapu cha mboga. Aliibeba kauli hiyo mpaka kwenye ndoa yake, mpaka kwenye ujane wake.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Canwick kuhusu hilo. Alinichorea kwenye bahasha. Kuanzia mwaka 1943 ndege za usiku za Wajerumani zilifungwa mizinga inayopiga kwenda juu. Rubani Mjerumani hakuhitaji kuja kwa nyuma; aliingia chini ya tumbo la Lancaster, mahali ambapo hakuna bunduki wala dirisha, akalinganisha mwendo, akafyatua kwenye matangi ya mafuta ya bawa. Vijana wengi waliangushwa hivyo bila kuona kilichowapiga, na kwa muda mrefu wakubwa zao Uingereza hawakuwa na habari ya silaha hiyo. Nilimpelekea Bibi bahasha yenyewe, na mchoro wake. Aliishika karibu na taa. Aliniuliza nirudie mara ya pili sehemu ya "chini ya tumbo". Wiki iliyofuata niliiona imewekwa nyuma ya fremu ya picha.

Hapa nisimame niseme jambo, kwa sababu najua msomaji ameanza kuwaza lililo chini ya ndege. Nami niliwaza. Mlango wa tumbo la Lancaster ulipofunguka, kilichodondoka kilitua kwenye paa za watu. Hamburg, Julai 1943, miezi michache kabla kaka wa Bibi hajaanza safari zake, zaidi ya watu 30,000 walikufa kwa mabomu na dhoruba ya moto. Kassel, ambako jina lake limo kwenye jedwali la Oktoba, maelfu waliungua au kukosa hewa mahandakini usiku mmoja. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Huwezi kusoma hayo kisha ukaimba tu nyimbo za mashujaa. Na huwezi pia kusahau Coventry, mji wa Uingereza ulioteketezwa na ndege za Wajerumani, wala kwamba utawala uliokuwa Berlin ulikuwa ukiendesha kambi ya mauaji ya Auschwitz wakati huo huo.

Sikulianzisha mimi. Bibi mwenyewe ndiye aliyelileta. Likizo ya mwisho kaka yake alimwambia, wakiwa nje ya nyumba, kwamba yeye wa mkiani ndiye anayeona moto kuliko wote, kwa sababu wenzake wakishageuza wanatazama nyumbani, yeye anabaki akitazama mji. Alisema unaonekana hata baada ya nusu saa ya kuruka, hata baada ya saa nzima. Bibi, kwa utoto wake, akamuuliza nani anaishi kule. Kaka yake akamwambia amletee pampu ya baiskeli.

Miaka ya sabini Bibi na mumewe walisafiri kwa basi la watalii kwenda Berlin Magharibi, kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Yapo kandokando ya barabara ya Heerstrasse, makaburi zaidi ya 3,500, na sehemu kubwa ni ya wanaanga. Baada ya vita, maofisa wa jeshi la anga walizunguka vijiji vya Ujerumani wakiwauliza mapadri na makarani ni wapi ndege zilianguka na nani alizikwa wapi, wakafukua, wakatambua kwa vifungo vya sare na chapa za dobi, wakawahamishia pale. Kaka yake na watatu wa wenzake hawakuweza kutenganishwa. Mawe yao yamesimama bega kwa bega. Chini ya jina familia iliruhusiwa kuweka maneno machache. Baba yao aliweka ya kanisani. Bibi hakuyapenda. Alisema kaka yake angecheka.

Safari hiyo waliona pia kanisa la Kaiser Wilhelm katikati ya mji, ambalo mnara wake uliovunjika uliachwa hivyo hivyo uwe kumbukumbu. Wakanywa kahawa karibu yake. Sasa, karibu miaka hamsini baadaye, tunasoma jedwali la kikosi sebuleni, kidole chake kikasimama kwenye Novemba 22, 1943. Berlin. Jina la kaka yake limo, saa ya kutua imo. Usiku huo ndio kanisa lile lilipoteketea. Bibi aliniambia nifunge karatasi tunywe chai, tukanywa, na tulizungumzia mvua.

Nilimpeleka Canwick majira ya kuchipua, kwa kiti cha magurudumu, upepo ukitupiga. Pale nje kuna mnara mwembamba wa chuma kilichoachwa kipate kutu, urefu wake ni sawa na upana wa mabawa ya Lancaster, mita 31 na ushee, na kuuzunguka ni kuta za chuma hicho hicho zilizokatwa majina karibu 58,000. Alipata jina. Alilipitisha kidole, kisha akaanza kutafuta na yale mengine sita, kwa sababu alisema haifai kumsalimia mmoja ukawapita wenzake. Tulichukua muda. Pua yake ilikuwa nyekundu na hakutaka kuondoka.

Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta majina ya aina nyingine. Wanahifadhi pia orodha kwenye kompyuta, kila aliyekufa ana ukurasa wake, na humo nilimkuta Bankole Vivour wa Nigeria, aliyeuawa usiku wa Machi 30 kuamkia 31, 1944, safari ya Nuremberg, usiku ambao ndege 795 ziliondoka na 95 hazikurudi. Nikasoma habari za Johnny Smythe wa Freetown, Sierra Leone, mwongoza njia, aliyeangushwa Novemba 1943, akatekwa, akapona, na za Cy Grant wa Guyana aliyeangukia Uholanzi. Nilimsimulia Bibi nikidhani namletea jambo jipya. Alinijibu kwamba kwenye ukumbi wa dansi wa mji wao kulikuwa na Mjamaika wa jeshi la anga, na hakuna Mwingereza aliyemkaribia kwa kucheza.

Bibi alifariki usingizini, kitandani kwake, baada ya kipindi kifupi cha kuugua. Mwanawe alikuja kupanga mazishi, akaikuta picha na bahasha nyuma yake, akanipigia simu. Alijua mjomba wake alikufa vitani. Hakujua alikaa sehemu gani ya ndege. Nilimweleza yote kwa simu, kuanzia banda la kuchaguana mpaka soksi, na alinikatiza mara kwa mara kuniuliza niliyajuaje. Barua na picha alizipeleka kituoni Canwick zikapigwa skani, akarudishiwa.

Ni baada ya mazishi hayo ndipo nilipoanza kufikiria kwetu. Kaka mkubwa wa babu yangu alichukuliwa wakati wa vita vya kwanza, Waingereza walipokwisha kuwasukuma Wajerumani kutoka Dodoma, akabebeshwa mizigo ya jeshi kuelekea kusini. Hakurudi. Kipindi hicho hicho Ugogo ilipigwa na njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya pande zote mbili kukomba nafaka, ng'ombe na vijana wenye nguvu, na bibi yangu mzaa baba alikuwa akiisimulia njaa hiyo sana kuliko vita vyenyewe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti mwaka 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliachwa bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Dar es Salaam tunayo sanamu ya Askari, nimepita chini yake mara nyingi nikiwahi daladala. Ina bunduki, haina jina la mtu.

Kwetu jina halikukatwa kwenye chuma. Alipewa baba yangu mdogo alipozaliwa, ndivyo lilivyobaki. Kwa hiyo nilimpigia yeye, nikamuuliza anajua nini kuhusu mtu aliyemrithi jina. Ilikuwaje?

"Unauliza kwa sababu kuna fidia?" akasema.

"Hakuna fidia, baba mdogo. Naandika tu."

"Mzungu amekutuma?"

"Hapana."

Akacheka. Nikasikia anahamisha kiti kutoka juani. Akaniambia kwamba huyo babu hakuchukuliwa akiwa kapera kama tulivyozoea kusema. Alimwacha mke na mtoto wa kike ananyonya. Mke alikufa kwenye Mtunya. Mtoto alichukuliwa na watu wa Bahi akalelewa huko, akaolewa huko, na wale jamaa wa Bahi wanaokuja kwenye misiba yetu na kukaa mstari wa mbele, ambao sisi vijana tulikuwa tunajiuliza wanatuhusu nini, ndio wajukuu zake.

Nikamwomba aanze upya, taratibu, na anitajie kila mmoja.